Rambirambi za Tetemeko ni Amana ya Nani?

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, siku mbili kabla ya Idd el-Hajj, saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri, wakati ambapo watu wa Bukoba, Waislamu kwa Wakristo, walikuwa wametawanyika katika shughuli za mwisho wa juma, hawa sokoni, wale migombani, na wengine wamejinyoosha vyumbani baada ya chakula cha mchana, ardhi ya Kagera ilinguruma na kutikisika kwa muda ambao msomaji hodari asingewahi kumaliza nao sura fupi. Na ilipokamilika hesabu ya masaibu ya siku ile, watu 17 walikuwa wamefariki dunia, mamia wamejeruhiwa, na nyumba zaidi ya 2,000 zimegeuka vifusi, mbali na maelfu mengine yaliyosimama kwa jina tu, yenye nyufa ambazo mtoto angeweza kupitisha mkono.

Wajuzi wa elimu ya ardhi walilipima tetemeko lile wakalipa daraja ya 5.9, na wakasema kwamba chimbuko lake lilikuwa katika kina cha kilomita 40 hivi, upande wa Missenyi, karibu na mpaka wetu na Uganda. Kwa mizani ya dunia hilo si tetemeko kubwa. Nchini Japani ardhi hutikisika kwa kadiri hiyo mara kwa mara, na aghalabu watu huinua macho wakaitazama taa inayoning'inia, kisha wakarejea katika kazi zao. Basi hatuna budi kujiuliza, pasipo haya wala hamaki, ni kitu gani kilichowahilikisha watu wa Bukoba, maana hawakumezwa na ardhi. Waliangukiwa na majengo waliyoyajenga wao wenyewe, au waliyojengewa na wazazi wao, au waliyoyapanga kwa kodi ya kila mwezi.

Tarehe 13 Desemba 1910, katika zama za utawala wa Wajerumani, ardhi ya Rukwa ilitikisika kwa tetemeko ambalo wajuzi wanalikadiria daraja ya 7.4, nalo huhesabiwa miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyopata kutokea Afrika Mashariki tangu vyombo vya kupimia vilipoanza kufanya kazi. Nguvu yake ilipita ile ya Kagera kwa zaidi ya mara mia. Walakini nyumba za nchi ile wakati ule zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na kuta nzito za kumwangukia mtu zilikuwa chache mno. Mwaka 2010 dunia nzima ilipewa somo hilo hilo mara mbili katika muda wa wiki chache: mwezi Januari tetemeko la daraja ya 7.0 liliipiga Haiti likaua watu ambao hesabu yao ya chini kabisa hupita 100,000, na mwezi Februari tetemeko la daraja ya 8.8, lenye nguvu mara mia kadhaa kuliko lile la kwanza, liliipiga Chile, nalo likaua watu 500 na ushei. Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi ambazo zilifuatwa na kukaguliwa. Haiti haikuwa nazo, na mahali zilipokuwapo katika karatasi hakukuwa na mtu wa kuzisimamia.

Tuitazame kwa karibu nyumba yenyewe. Mtu wa Bukoba mwenye kipato cha wastani huijenga nyumba yake kwa miaka mingi, chumba baada ya chumba, kwa fedha za kahawa, za ndizi, au zinazoletwa na mtoto aliye Mwanza au Dar es Salaam. Hununua matofali ya kuchoma, ambayo ni mazuri na hupatikana jirani, na kwa kuwa saruji ni ghali, hasa baada ya kusafirishwa umbali wote ule, humwambia fundi mwashi ayapange matofali hayo kwa udongo, kisha fedha ikipatikana ukuta upigwe plasta ya saruji ndani na nje. Ikishapakwa rangi nyumba ile hupendeza, na hakuna apitaye njiani awezaye kuitofautisha na jirani yake iliyojengwa kwa saruji toka msingi hadi juu. Lakini ndani ya plasta ile tofali limelala juu ya tofali kwa uzito wake tu. Maadamu mzigo unatoka juu kwenda chini, yaani bati, kenchi na upepo wa kawaida, ukuta hustahimili miaka hamsini; ardhi ikiusukuma ubavuni mara moja, kisha ikauvuta, kisha ikausukuma tena, udongo ule huachia, pembe za nyumba hufunguka, na kila ukuta hubaki peke yake kama kwamba haukupata kujuana na wenziwe.

Wa kwanza kuanguka, kwa kawaida, ni ule ukuta wa ubavuni unaopanda kwa pembe tatu mpaka chini ya kilele cha paa. Huo ni mrefu kuliko wote, ni mwembamba, na huko juu hakuna kinachoushika. Nao, kwa bahati mbaya, ndio ukuta ambao watu wengi huuegeshea kitanda. Dawa yake inajulikana, wala si ya gharama ya kutisha. Ni ule mkanda wa zege wenye nondo ndani yake, unaoizunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha, ambao mafundi wetu huuita lenta, na kazi yake ni kuzifunga kuta zote nne zisiachane, mfano wa kamba inayofunga mzigo wa kuni. Nondo za pembeni zikikunjwa sawasawa zikaingiliana, na ule ukuta wa pembe tatu ukaondolewa, badala yake likapandishwa bati au mbao nyepesi, nyumba hiyo inaweza kupasuka, inaweza hata kupoteza kona, lakini mwenyewe ataipata fursa ya kutoka akiwa hai.

Wahaya wa zamani, wenyeji wa Bukoba, walikaa ndani ya msonge, nyumba ya duara iliyosukwa kwa miti na matete na kuezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na nyumba ya namna ile ardhi ikitikisika huyumba nayo. Sisemi watu warejee katika msonge. Aliyepata kulala ndani yake jirani na moto wa kuni unaofuka usiku kucha hatanishukuru kwa shauri hilo, na haki ya mtu kutaka nyumba ya tofali yenye madirisha ni haki isiyo na mjadala. Nasema tu kwamba tulipoiacha nyumba iliyoyumba tukachukua nyumba isiyoyumba, tulichukua tofali na bati, tukaiacha njiani ile elimu iliyopaswa kuja pamoja nazo.

Najua wapo watakaoniambia kwamba zilizala ni amri ya Mwenyezi Mungu, na kwamba ajali ikifika haicheleweshwi hata saa moja. Waislamu wanayo sura nzima iliyopewa jina la mtikisiko wa ardhi, na Wakristo husoma katika Injili habari za ardhi kutetemeka na miamba kupasuka. Sina ubishi nao, maana hayo ni ya imani na mimi si mtu wa kumpunguzia mwenzangu imani yake wakati wa msiba, ambao ndio wakati anaouhitaji zaidi. Walakini naona kwamba wale wale wanaosema hivyo, wakiugua homa humeza dawa, na wakisafiri ziwani hutazama kama mashua inavuja. Kutikisika kwa ardhi tumekukuta, hatukuulizwa. Kadari haikuandika kipimo cha saruji, wala haikumzuia fundi kuweka nondo. Hilo liliachwa mikononi mwetu, na ndilo tutakaloulizwa.

Lakini kufa na kupona siku ile ni sehemu moja tu ya habari, tena sehemu inayoandikwa sana kwa kuwa inaandikika upesi. Sehemu ya pili huanza wapiga picha wanapoondoka. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi sana katika nchi yetu, na mwezi wa Septemba ndipo vuli inapokaribia kwa watu wa huko; kwa hiyo wale waliolala nje, wengine kwa kukosa nyumba na wengine kwa kuiogopa nyumba iliyobaki, walilala chini ya maturubai huku wakijua kwamba mbingu haitawangoja. Kuna walioshauri kwa nia njema kwamba watu wahame waende mahali pengine. Shauri hilo ni jepesi kwa asiyeijua maana ya kibanja. Kibanja cha Mhaya si kiwanja; ni shamba la migomba lililorithiwa, ndimo nyumba ilimo na ndimo yalimo makaburi ya baba na babu, na kumwambia mtu akiache kwa sababu ukuta umeanguka ni kumwongezea msiba wa pili juu ya ule wa kwanza.

Sisi wa pwani tunao mfano wetu wenyewe wa jinsi nakama ya siku moja inavyoweza kuishi muda mrefu. Mwezi wa Aprili 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa kile. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa mavuno ya maana, na mwenye shamba aliyekuwa na deni hakuwa na miaka ya kungojea. Wakopeshaji walidai, na utukufu wa karafuu ukahamia Pemba, ambako mpaka leo ndiko iliko karafuu nyingi. Na walio chini kabisa, wale watumwa ambao hawakuwa na shamba wala deni wala jina katika daftari, ndio waliobebeshwa uzito wa kupanda upya. Upepo ulivuma siku moja, lakini hesabu yake ililipwa na vizazi.

Ndiyo maana nadhani kwamba suala kubwa la tetemeko la Kagera halikuwa tetemeko, bali zile rambirambi. Mara baada ya msiba Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alifika Bukoba, kisha akawakusanya mabalozi na wafanyabiashara jijini Dar es Salaam ili wachangie, nao wakachangia. Na wananchi wa kawaida, kwa simu zao za mkononi na kwa makapu ya makanisani na misikitini, wakatoa walichonacho. Kabla mwezi ule haujaisha ikasikika habari ya akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa jina linalofanana na la akaunti ya kamati ya maafa, na maofisa wakatenguliwa uteuzi wao kwa tuhuma hiyo. Sina haja ya kuingia katika hukumu ya mtu yeyote. Nataja jambo hilo kwa kuwa lilitangulia kuwatia watu shaka, na shaka ikishaingia katika sadaka ni vigumu kuitoa.

Kisha Januari 2017 Rais wa wakati ule, marehemu John Magufuli, alifika Bukoba akasema bila kuficha kwamba Serikali itashughulikia shule, hospitali na miundombinu ya umma, na kwamba nyumba za watu binafsi zitajengwa na wenyewe, kwa kuwa Serikali haikulileta tetemeko na haina uwezo wa kumjengea kila mtu. Maneno yale yaliwachoma wengi. Lakini insafu inatutaka tukiri kwamba ndani yake mlikuwa na ukweli: hakuna hazina ya nchi maskini inayoweza kujenga nyumba 2,000 mpya na kukarabati maelfu mengine kwa mkupuo mmoja, na kiongozi anayeahidi hilo ili ashangiliwe anadanganya. Tena majengo ya umma yalikuwa yameharibika kweli. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa, na Ihungo haikusimama tena mpaka ilipojengwa upya kwa msaada wa Serikali ya Uingereza.

Ninalolikataa ni jambo moja, yaani kuzielekeza zile rambirambi katika kazi hizo za umma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtu atoapo shilingi elfu mbili akasema hizi ni za waliopatwa na tetemeko, shilingi hizo huwa ni amana. Amana, kwa sheria za dini na kwa desturi ya watu waungwana, haigeuzwi njia na mchukuzi wake, hata kama njia anayoiona yeye ni nzuri zaidi. Anayekuja hitimani na mchele wa kupikia wafiwa hatarajii kuusikia kesho umelipia paa la ofisi ya kata, hata kama wafiwa nao hupata huduma katika ofisi ile. Shule na hospitali ni haki ya raia, na kwa ajili yake hulipa kodi mwaka mzima; msiba hauigeuzi haki hiyo kuwa sadaka. Tukiyachanganya haya mawili, safari ijayo ardhi itakapotikisika, na itatikisika, mchangaji ataulizia kwanza fedha za safari iliyopita.

Nasema itatikisika kwa kuwa tunakaa juu ya Bonde la Ufa, na hilo halikwepeki kwa kura. Mkono wake mmoja unapita magharibi, katika maziwa ya Albert, Kivu, Tanganyika na Nyasa, na mwingine unapita Kenya hadi kwetu Natron na Manyara. Toro ya Uganda ilitikisika Machi 1966 wakafa watu zaidi ya 100. Rusizi na Bukavu zilitikisika Februari 2008. Na ndugu zetu wa Goma, ambao Kiswahili chao tunakisikia kila siku redioni, wameukimbia moto wa mlima Nyiragongo mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Dodoma, makao makuu yetu yanayojengwa usiku na mchana, imo katika ukanda unaotikisika. Hata Dar es Salaam, usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, iliguswa na tetemeko la daraja ya 6.0 lililotokea baharini, watu wakateremka ghorofani mbio wakiwa na kandambili na taulo, kesho yake wakachekeana, na keshokutwa wakasahau.

Sasa tuje kwenye njia ya katikati, maana kati ya kumjengea kila mtu na kumwambia kila mtu ajijengee ipo nafasi pana ambayo hatukuitumia. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang vikaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu 89. Safari hii Serikali na Msalaba Mwekundu waliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100 mahali papya. Hilo ni jambo la kushukuriwa, nalo linaonyesha kwamba fikra ya wakubwa inaweza kubadilika. Lakini nyumba mia si nyumba elfu mbili, na aliyepoteza nyumba Kagera ana haki ya kuuliza kwa nini msiba wake ulihesabiwa kwa kanuni tofauti. Kanuni ndiyo inayokosekana: isiwe huruma ya mwaka huu na ukali wa mwaka ule, kwa kadiri ya nani yuko madarakani na wapiga picha wangapi wamefika.

Watu wa Nepali wamekwisha kutuonyesha. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la daraja ya 7.8 liliwaua watu karibu 9,000 na kubomoa nyumba kwa mamia ya maelfu, nyingi zikiwa za mawe yaliyopangwa kwa udongo, yaani ndugu za nyumba za Bukoba. Nepali ni nchi maskini; haikuweza kuwajengea. Ilichofanya ni kumpa kila mwenye nyumba iliyoanguka ruzuku ya rupia 300,000, si kwa mara moja bali kwa mafungu matatu: rupia 50,000 za kuanzia, 150,000 baada ya mhandisi kuja kijijini kuukagua msingi, na 100,000 za mwisho baada ya kukagua kuta kama zimefungwa inavyopasa. Mwenye nyumba alijenga mwenyewe, kwa fundi wake, katika ardhi ya wazee wake, kwa mawe yale yale na udongo ule ule kama alitaka, ila sharti la kufunga kuta kwa mikanda lilikuwa halina msamaha. Mafundi wa vijijini walifundishwa kwa maelfu, na wanawake wengi wakaingia katika uashi kwa mara ya kwanza. Sidai kwamba ulikuwa mpango usio na dosari: ulichelewa kuanza, watu walilala baridini zaidi ya kipupwe kimoja, na wengine walikopa kwa riba ili waongezee ruzuku isiyotosha. Lakini fedha ile ilimfikia mwenye msiba, na kila shilingi iliyotoka, kama nikiruhusiwa kuziita rupia hivyo, ilitoka pamoja na elimu.

Lingekuwa jambo gani kwetu Kagera kuzichukua rambirambi zile, hata kama zilikuwa chache, tukampa kila aliyebomokewa nondo na saruji za lenta peke yake, basi, si nyumba nzima, na kumtuma mhandisi wa halmashauri aende akasimame pale ukuta ulipofika juu ya dirisha? Mwenye nyumba angetafuta tofali mwenyewe, kwa kuwa tofali alikuwa nalo, limelala uani katika kifusi. Mkono wake haukupungukiwa na nguvu. Ulipungukiwa na kile kidogo kisichopatikana kijijini. Wengi walipoachwa peke yao walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye watoto na mvua inakuja angefanya: waliyaokota matofali yale yale, wakayapanga kwa udongo ule ule, wakapiga plasta juu. Yaani tuliwaacha wajenge tena mtego ule ule, nasi tukiwa na fedha zao mkononi.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2015 ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na ile ya mwaka 2022, nayo imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Ninaloliomba kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo yenye dhamana ya maafa, ni kanuni mbili zisizohitaji karatasi nyingi. Ya kwanza, kila mchango unaotolewa kwa jina la waathirika uwekwe mbali na fedha za Serikali, na hesabu yake, senti iliyoingia na senti iliyotoka na jina la kijiji ilikokwenda, ibandikwe hadharani katika ofisi ya kata ambako mwenye msiba ataisoma kwa macho yake. Ya pili, mchango huo uende kwa mwenye nyumba kwa mafungu na kwa ukaguzi, kama walivyofanya wale wa Nepali, na ikiwa ni mdogo usitoshe nyumba, basi utoshe lenta. Na halmashauri za mikoa iliyo kandokando ya Bonde la Ufa zisingoje msiba; fundi mwashi wa kijijini afundishwe sasa, wakati ardhi imetulia na watu wana utulivu wa kusikiliza.

Na kanuni zikishawekwa zisiwe za kuuzwa. Uturuki ilikuwa na kanuni nzuri za ujenzi, lakini mwaka 2018 ilitoa msamaha kwa majengo yaliyojengwa kinyume cha sheria, mwenye jengo alipe ada apewe hati, na Februari 2023 ardhi ilipotikisika watu zaidi ya 50,000 walikufa katika nchi ile.

Nawe msomaji uliye na kiwanja, uwe Bukoba, Mbeya, Kigoma, Dodoma au Arusha, siku utakapokaa na fundi kupatana bei, kabla hujamkabidhi fedha ya kwanza muulize lenta itapita wapi, itakuwa na nondo ngapi, na zitakunjwaje kwenye kona. Akikujibu kwamba nyumba ya chini haihitaji lenta, mshukuru kwa muda wake, kisha umtafute fundi mwingine.